Karai Lililopelekwa Kanisani

Mama mdogo Veneranda alifariki nyumbani kwake Butimba, usingizini, bila kumsumbua mtu, na mpaka asubuhi ya mazishi hatukujua kama mwili wake utapitishwa kanisani. Aliyekuwa anakataa si padre. Padre, kijana mpole ambaye mambo nitakayoyasimulia yalipotokea alikuwa hajazaliwa, alishasema Misa ipo. Jumuiya nayo, ambayo kwa kawaida humkagua marehemu kama mgambo anavyokagua mizigo, kama alihudhuria sala, kama alitoa zaka, safari hii ilikubali kufumba macho kwa heshima ya mume wake. Aliyekataa ni mume mwenyewe, Baba mdogo Tadeo, katekista wetu wa zamani, mtu aliyewaombea kaburini nusu ya Wakristo wa Igogo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, fimbo katikati ya magoti, akawajibu wote jibu moja: "Mimi sina ruhusa ya kumtoa." Waliokuja kumbembeleza waliondoka wakitikisa vichwa. Wengine walisema ni uchungu, wengine walisema ni uzee. Binti yake Adela alinivuta pembeni. "Dada Koleta, wewe uliishi nao mimi nikiwa mtoto. Zungumza naye, maana sisi hatumwelewi." Mimi nilimwelewa kila neno, na ndiyo sababu sikuweza kumsogelea mara moja. Nilienda kukaa uani na wanawake waliokuwa wanakaanga samaki wa msibani, nikayatazama mafuta yanavyochemka, na mawazo yakanirudisha mwaka ule.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo, na nilipelekwa Igogo kukaa kwa mama mdogo ili nisikae bure kijijini. Walikuwa wamepanga vyumba viwili vilivyoegemea jiwe kubwa, moja ya yale mawe ya Mwanza ambayo mtu huyajengea ukuta wa pande tatu akayaacha yenyewe yawe ukuta wa nne. Mchana jiwe lilikunywa jua, na jioni lilitutemea joto lote mgongoni tukiwa tunakula. Chumba cha mbele kilikuwa cha Baba mdogo: meza, Biblia, vitabu vya mafundisho, picha ya Bikira Maria, na pazia la maua lililogawa pande mbili, upande wangu na Adela ukiwa nyuma ya pazia. Kila kitu mle ndani kilinuka samaki. Pazia lilinuka samaki, vitabu vilinuka samaki, hata Katekista mwenyewe aliposimama mbele kusoma matangazo ya ndoa, waliokaa viti vya mwanzo walijua mke wake amekaanga nini. Yeye alilalamika kidogo kidogo, na Mama mdogo alimjibu, "Harufu hiyo ndiyo inayokuvalisha shati."

Ilikuwa kweli. Katekista alipewa na parokia kitu cha sabuni tu, na nyumba ilisimama juu ya karai la Mama mdogo. Alilichongesha kwa mafundi wa vyuma kabla hajaolewa, chuma kizito chenye mikono miwili, kipana kiasi kwamba Adela alipokuwa mchanga aliogeshewa humo. Alilisugua kwa mchanga na majivu kila jioni, akaliegemeza kwenye jiwe likauke. Alfajiri alishuka mwaloni, ufukweni wanakotia wavuvi, kununua sato, na siku ambazo sato walipanda bei alinunua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kuondoka, akayakaanga mpaka yakalia yakitafunwa. Tulikula mapanki kwa ugali wa muhogo, tukanyonya vichwa, na sikumbuki kama niliwahi kulala na njaa. Wateja walikuja mpaka kutoka mtaa wa pili, kwa sababu karai lile lilisambaza moto sawasawa na samaki wake hawakuungua upande mmoja. Yeye mwenyewe alisema si ufundi wake, ni karai. Alikuwa na unyenyekevu wa namna hiyo, wa kukipa chombo sifa zote, na nadhani ndipo taabu ilipoanzia, kwa sababu mume wake alimsikia.

Baba mdogo alikuwa mwalimu mzuri kuliko wengi niliofundisha nao baadaye, nami nimefundisha miaka mingi. Somo lake lililopendwa lilikuwa la ile sarafu aliyoletewa Bwana ili ategwe kwa habari ya kodi. Alitoa sarafu mfukoni, akaizungusha kwa watoto wa kipaimara, akauliza kila mmoja anaona sura ya nani. Ikisharudi mkononi mwake, aliwaambia wageukiane watazamane usoni. Watoto walicheka, wakasukumana. Kisha akauliza taratibu, "Na hapo unaona sura ya nani?" Hakuwaambia jibu. Alisema tu kwamba kila kitu kirudi kwa yule ambaye sura yake imo, pesa kwa wenye pesa na mtu kwa Mungu. Mimi niliyekaa nyuma, ambaye kipaimara nilishapata zamani, nilisisimka kila mara.

Somo la pili lilikuwa la mabwana wawili, na hilo alilibeba mpaka nyumbani. Biashara ya Mama mdogo mwaka ule ilikua. Jumamosi jioni, ambapo watu hununua samaki zaidi, ndipo pia kwaya ilipofanya mazoezi, na sauti yake ya kwanza ikaanza kukosekana. Jumuiya walisali Alhamisi, naye akatuma udhuru mara moja, mara mbili, mara nyingi. Siku moja mvua ilipiga bati mchana kutwa, wakadhani kelele inawaficha, nami nyuma ya pazia niliwasikia vizuri.

"Veneranda, hilo karai limekuwa bwana wako."

"Bwana wangu ni wewe, Baba Adela. Karai ni la kukulisha."

"Sifanyi mzaha. Ukiamka karai, ukilala karai. Nafundisha watoto wa watu habari za mabwana wawili na nyumbani kwangu yupo wa pili."

"Basi tafuta wa tatu atulipie kodi ya nyumba," alisema Mama mdogo, na nikamsikia anacheka. Yeye hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Nakuogopea roho yako." Nataka nieleweke hapa. Sauti ile haikuwa na ubabe. Alimwogopea kweli. Ningekuwa na hasira naye kwa urahisi zaidi maisha yangu yote kama ingekuwa vinginevyo.

Wasiosali kwetu huenda hawaijui desturi ya mnada. Si kila mtu ana fedha ya kutia kikapuni, kwa hiyo watu hutoa walivyo navyo, kuku, mkungu wa ndizi, mayai, sato wawili waliofungwa kamba, na Misa ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje ya mlango wa kanisa. Mnadi wetu alikuwa Baba mdogo mwenyewe, na alikuwa na mdomo. Alimfanya tajiri aone haya kumwachia fukara jogoo. Ndani ya desturi hiyo kulikuwa na nyingine ndogo, ambayo haikuandikwa popote. Mtu akijulikana ametoa kwa kujibana sana, jirani mwenye uwezo alinunua kile kitu, kisha akasema, "Mrudishieni mwenyewe." Mungu alikuwa amepata chake, na mwenye kuku aliondoka na kuku wake. Mama mdogo aliwafanyia hivyo watu wengi. Nilimwona kwa macho yangu akimnunulia mjane mmoja tetea lake na kumrudishia, mjane akalibeba kwapani huku analia.

Ilifika Jumapili ya mavuno, mwaka ambao kanisa lilikuwa linaezekwa upya. Asubuhi Mama mdogo hakuliona karai pale kwenye jiwe. Hakushtuka. Alidhani Adela amewaazima majirani waliokuwa na sherehe, akasema wakilirudisha na masizi watamtambua. Tukavaa, tukaenda. Katekista alikuwa ametangulia gizani kama kawaida yake, kufungua milango. Nje, baada ya Misa, alinadi maboga, akanadi mihogo, akanadi mbuzi aliyekataa kusimama, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akainama nyuma ya meza, akafungua gunia, akaliinua karai kwa mikono miwili. Lilikuwa linang'aa, kwa sababu mwenyewe alikuwa amelisugua jana yake.

Hakuna aliyeuliza ni la nani. Igogo nzima ililijua. "Hili," alisema, "ni la nyumbani kwangu. Kutoa ni moyo." Nilikuwa nimesimama karibu na Mama mdogo, bega kwa bega. Alisema, "Karai langu," polepole, kama mtu anayemwona ndugu yake mahali asipomtegemea. Basi. Mke wa katekista hawezi kupaza sauti mbele ya kanisa amwite mume wake mwizi. Alichofanya ni kusubiri. Nilimwona anawatazama mmoja mmoja wale aliowahi kuwarudishia vitu, na uso wake ulikuwa mtulivu, kwa sababu aliijua desturi. Alisubiri tu mtu aseme lile neno.

Hawakulisema. Baadaye niliwasikia kisimani wakieleza, na walikuwa wanaeleza kwa moyo safi. Walidhani ni nadhiri. Walidhani mume na mke wamekubaliana, wamepiga magoti nyumbani, wametoa kikubwa walicho nacho, na kumrudishia mtu nadhiri yake ni kumvunjia. Kwa mjane na tetea lake unaweza kufanya hivyo, lakini kwa katekista huwezi. Heshima ndiyo iliyowafunga midomo. Bei ilipanda kwa adabu, na aliyelichukua ni mama mmoja wa Sengerema aliyekuja kumsalimia binti yake, mtu mwema tu aliyekuwa anatafuta chombo cha kupikia harusini. Katekista aligonga meza. Yule mama alilibeba kichwani akaelekea kivukoni, na Mama mdogo alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akanishika mkono tukaenda nyumbani. Njiani aliwasalimia watu wote waliompongeza.

Jioni ile alipika kwenye sufuria. Aliweka chakula mezani, akanawisha mikono ya mume wake kama siku zote, na walipoanza kula akauliza, "Baba Adela, ulipoligeuza, chini yake uliona sura ya nani?" Baba mdogo alirudisha tonge sahanini. Alijibu kwamba kila kitu ni cha Mungu. "Sawa," alisema Mama mdogo. "Lakini mimi nipo. Ungeniuliza." Hakuinua sauti, na hakulirudia tena neno hilo, si mwaka ule wala baadaye. Wanawake wa parokia walikuja kumwambia kwamba Mungu atamlipa mara dufu. Aliwapa chai. Padre wa wakati huo alituma salamu na kumsifu kwa ukarimu wake. Alisema ahsante. Jumapili iliyofuata alifua nguo za mume wake za kanisani, akazipiga pasi, akamfungulia mlango, akabaki.

Alibaki siku zote. Alianza upya na sufuria, akikata samaki vipande vidogo ili waenee, na waliungua upande mmoja, na wateja wa mtaa wa pili wakaacha kuja. Miezi ile tulilala njaa mara kadhaa. Nilimwona Baba mdogo anamega ugali mkavu kwa macho yaliyoinama, na yule mtu wa maneno mengi akapungua maneno. Somo la sarafu hakulifundisha tena. Alipofika kwenye ukurasa huo aliwaambia watoto wasome kimya, akaenda kusimama dirishani.

Jumapili moja homa ilinishika katikati ya Misa, nikarudi peke yangu kabla ya wakati. Nilipokaribia jiwe nikasikia Mama mdogo anaongea, nikadhani ana mgeni. Hakuwa na mtu. Alikuwa amechutama kwenye moto, mwiko mkononi, akigeuza samaki, akiongea kwa sauti ile ile aliyokuwa akiongelea na mteja wa siku nyingi. "Wewe nakujua," alikuwa anasema. "Hukuchukua kitu changu. Ungekitaka ungeniambia mwenyewe, unajua ninapokaa. Waliochukua ni hao. Sasa hao niachie, siwezi kuwatazama, wataniona mbaya, basi. Ila sisi tuko vile vile. Mimi ni wako, na wewe usinisahau kwa sababu sionekani kule." Akanyamaza kama anayesikiliza. Akaongeza, "Na huyu baba mpe nguvu, anakonda." Kisha akaimba sauti ya kwanza ya wimbo wa matoleo, peke yake, bila sauti nyingine za kuibeba, na samaki wakamwungulia. Nilikohoa ndipo akageuka. "Umerudi? Sogea basi kwenye kivuli, unatetemeka." Hakuniambia nisiseme. Lakini maneno ya mtu na Mungu wake mtoto wa kike habebi kumpelekea mwanamume, hata awe katekista. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Karibu na mwisho wa mwaka Baba mdogo alipanda kivuko kwenda Sengerema na baiskeli yake, akiwa amekusudia kuitoa kwa kubadilishana na karai. Alirudi na baiskeli. Alitusimulia mezani, na nilijua anamsimulia mtu mmoja tu. Yule mama alimpokea vizuri, akamchinjia kuku, lakini alikataa. Alisema chombo hicho alikinunua mlangoni pa Mungu, tangu kiingie kwake mambo yake yamenyooka, na baraka haiuzwi. Hakikaangi tena samaki. Kinatoka harusini na msibani tu.

"Linapika nini?" Mama mdogo aliuliza.

"Pilau."

Alifikiri kidogo. "Pilau litashika chini," alisema. "Karai lile halikuzoea wali." Tukacheka wote watatu, na Adela akacheka kwa sababu tulicheka, na katikati ya kicheko Baba mdogo akainuka akatoka nje. Nilitazamia atarudi aseme neno. Nafikiri na Mama mdogo alitazamia, kwa sababu hakuondoa vyombo mapema. Aliporudi aliuliza kama kuna maji ya kuoga.

Nafasi yangu ilitoka, nikaenda chuo, nikawa mwalimu, nikakaa mikoani. Wao walihamia Butimba. Mama mdogo alipata karai jingine, la kununua dukani, jepesi, akalitumia bila kulisifu. Walizeeka pamoja vizuri, na mtu asidhani nyumba ile ilikuwa na vita. Mke alimpikia mume, alimuuguza, alimkumbusha dawa. Ila kila Jumapili mume alitoka peke yake na mke alibaki peke yake, na kati yao kulikuwa na swali moja ambalo lingeweza kuulizwa asubuhi yoyote ile kabla ya chai. Nimewaona watu waliovunjana mbavu wakasameheana. Nadhani ni rahisi zaidi. Mtu aliyekosa kwa ajili ya Mungu hajui aanzie wapi kuomba radhi, maana akimwomba mke wake msamaha anaona kama anamnyang'anya Mungu kitu kile mara ya pili.

Samaki wa msibani walikuwa wameiva. Niliinuka uani, nikaenda kuchuchumaa mbele ya kile kiti cha plastiki. "Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, Koleta. Na wewe wamekutuma?"

"Wamenituma."

"Waambie siwezi." Aliongea polepole akiitazama fimbo yake. "Nilikuwa nasubiri moyo wake upoe kidogo nimuulize kama atarudi kanisani. Kila siku nilisema kesho. Sasa nitampeleka pale mlangoni kwa ruhusa ya nani? Nilishatoa kitu chake mara moja mlangoni pa kanisa. Nikitoa na mwili wake bila kumuuliza, nitakuwa mtu gani?" Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Wazee waliokaa karibu walitazama pembeni.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya homa, na moto, na sufuria, na maneno yote niliyoyasikia, hata lile la yeye kukonda. Nilimwambia na wimbo. Alinisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo, kama wale watoto wake wa kipaimara walivyokuwa wakimsikiliza yeye.

"Alisema, 'mimi ni wako'?"

"Alisema hivyo."

"Miaka yote hii, Koleta. Mbona hukuniambia?"

Nilitaka kumwambia jambo la kumpunguzia, lakini hapakuwa na lingine la kweli. "Hukuniuliza, Baba mdogo."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akanipa mkono nimwinue, akaingia sebuleni ambako Mama mdogo alikuwa amelazwa, akawaomba akina mama waliokuwa wanasali rozari watoke. Mlango aliurudisha lakini haukushika, kwa hiyo tuliokuwa kwenye baraza tulisikia. Alimwita kwa jina lake. Akamuuliza, kwa adabu, kama anavyoulizwa mtu mwenye mali yake, kama angependa apitishwe kanisani au aende moja kwa moja makaburini, na akamwambia kwamba atakalosema ndilo litakalokuwa. Halafu akakaa kimya kumpa nafasi ya kujibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesogea. Alipotoka alikuwa amevua kofia, akamwambia Adela atume mtu akapige kengele ya Misa.